Mgongo wa Sanduku la Baridi

Mwanangu wa kwanza alikufa kwa pepopunda akiwa na miaka minne. Dawa ya kumkinga ilikuwa imeharibika kwa sababu sanduku la baridi la zahanati lilikuwa limeungua siku nne kabla hajajikata. Naanza na hilo ili asije mtu akasoma huku akitumaini kwamba mbele kuna nafuu. Hakuna. Nimechoshwa na watu wanaokuja kunipa pole huku wakinichungulia usoni waone kama nalia vya kutosha. Wao walishatulia, walisema ni mapenzi ya Mungu, wakanywa kahawa, wakaenda zao. Mimi sikatai mapenzi ya Mungu. Lakini najua pia kwamba mashine ile iliungua kwa kukosa hewa mgongoni, najua kilichoiziba, na najua zilikuwa nguo za nani.

Sanduku lenyewe lilifika Bagamoyo mwaka mmoja kabla ya hapo, juu ya lori, limefungwa kwa mbao na majani makavu kama mayai. Zahanati yetu ilikuwa nyumba ya zamani ya mawe, kuta nene, madirisha ya kuchungulia paka. Jirani yake palikuwa na kinu cha mafuta ya nazi chenye injini ya kutoa umeme, basi waya ukavutwa juu ya uchochoro kutoka kinuni mpaka zahanati. Kabla ya siku hiyo, dawa zinazoogopa joto hazikuwahi kukaa mjini kwetu. Mtu akijipiga jembe la mguu kule Makurunge alifungwa kitambaa, akaombewa.

Aliyekuwa akiendesha zahanati tulimwita Bwana Dresa. Alikuwa mtu mzima, mpole, amefunzwa kufunga vidonda na kupiga sindano, na Kiingereza chake kilikuwa cha majina ya dawa tu. Sanduku lilikuja na kijitabu cha Kiingereza kitupu. Siku hiyo hiyo akaja nacho nyumbani kwa mama, akapiga hodi, akavua kofia.

"Shikamoo, mwalimu."

Mama yangu alikuwa akisomesha chuo cha Kurani barazani kwake tangu sijazaliwa. Nusu ya wanaume wa mtaa ule, Bwana Dresa akiwamo, walijifunza herufi za Kiarabu chini ya ufito wake.

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Umekuja kuleta sindano?"

"Nimekuja kumwazima binti yako. Nataka macho yake tu."

"Macho yake makali hayo, angalia yasije yakakukata."

Hiyo ndiyo lugha ya mama. Mimi nilikuwa nimesoma mpaka sekondari, jambo ambalo mtaani kwetu lilihesabiwa kama kilema kidogo kwa mwanamke, kitu cha kufunikiwa buibui. Mume wangu alikuwa karani kwenye mashamba ya chumvi Saadani, na nyumba za makarani huko zilikuwa bado hazijaezekwa, kwa hiyo mimi na binti yetu tuliishi kwa mama. Nikavaa buibui langu, nikamshika mtoto mkono, tukaenda kusoma kijitabu.

Tulipofika, wanaume walikuwa wamekwisha kulisukuma sanduku mpaka mgongo wake umegusa ukuta. Kitu cha thamani huwekwa ukutani. Ndivyo tunavyoweka kabati la vyombo, ndivyo tunavyoweka kitanda cha bibi harusi. Fundi wa kinu alikuwa amesimama mbele yake mikono kiunoni, amekasirika, maana alikuwa ametafuta mkanda wa kuzungusha mashine hakuuona.

"Mashine haina mkanda!" akasema. "Itafanyaje kazi? Hata mimi nikivua mkanda suruali hainisikilizi."

Nikawasomea. Nyuma kwa chini palikuwa na kitu cheusi mfano wa chungu kilichozibwa, ndiyo kompresa. Ndani yake mna waya mwingi uliozungushwa kama uzi kwenye kibiringo. Umeme ukipita, waya unageuka sumaku, unavuta chuma. Umeme ukigeuka, springi inakirudisha. Chuma kinaenda na kurudi upesi kiasi kwamba sikio linasikia mvumo tu, na kila kikienda kinaisukuma gesi kwenye mabomba. Sumaku niliijua tangu shuleni, tuliichezea kwa misumari. Lililokuwa jipya kwangu ni hili: kijitabu kilisema mashine haitengenezi baridi. Inalibeba joto lililo ndani ya sanduku na kulitoa nje kwa mgongoni, na juu ya hilo ule waya wa sumaku unatoa joto lake wenyewe. Joto lote hilo lazima lipate pa kwenda. Ndiyo maana mgongo ulikuwa na mabomba meusi na mapezi ya bati, yamepangwa kama mapezi ya samaki, ili hewa ipite katikati. Hewa isipopita, waya unajipika wenyewe.

"Kwa hiyo lisogezwe," nikasema. "Shubiri mbili kutoka ukutani. Na lisifunikwe na chochote, mbele wala nyuma."

Fundi akacheka mpaka akashika ukuta. "Jamani, sikilizeni! Sanduku la baridi linaona joto! Mke wa karani anataka tulipepee kama bwana harusi."

"Wewe injini yako huitilii maji ikichemka?"

"Ile ni injini, bibie. Inakula mafuta."

"Na hii inakula umeme. Kila kinachokula kinatoa jasho. Lisogeze."

Akalisogeza huku ananung'unika kuhusu wanawake wa siku hizi. Bwana Dresa akanipa karatasi kubwa na kalamu ya wino mwekundu, nikaandika tangazo kwa Kiswahili: KOMPRESA HII HUPOZWA NA HEWA. USIWEKE KITU NYUMA. USIFUNIKE. USITUNDIKE NGUO. Nilifikiria hata nguo, mnaona. Nikalibandika ukutani, pale pale mgongoni kwa sanduku. Nililiandika kwa herufi za shule, kwa mwandiko wangu mzuri niliokuwa nikisifiwa na masista shuleni. Nikarudi nyuma kulitazama, nikajiona mtu.

Binti yangu yeye hakujali kompresa. Alitaka barafu. Siku ya pili yake Bwana Dresa alimtolea kipande kidogo, akakimbia nacho mpaka nyumbani kumwonyesha bibi yake, amekifumbata kwa mikono miwili. Alipofika barazani akafungua viganja mbele ya wanafunzi wote wa chuo. Palikuwa na maji.

"Kilikuwapo, bibi!"

"Najua kilikuwapo."

"Kimenikimbia njiani!"

Tangu siku hiyo kila tulipopita zahanati alidai akaitie adabu ile barafu. Alipewa kipande kingine, na kingine, na kila mara akajaribu njia mpya: ndani ya kopo, ndani ya jani la mgomba, mara moja ndani ya kinywa chake, akafika nyumbani anatoa mate na machozi, hawezi kusema. Mama alicheka mpaka ufito ukamponyoka.

Katika mwaka ule mtu mmoja wa Makurunge aliyejipasua mguu kwa jembe aliletwa, akapigwa sindano ya kukinga pepopunda kutoka kwenye kichupa kilichotoka ndani ya sanduku letu, akarudi shambani kwake. Nilimwona kwa macho yangu anatembea sokoni. Namtaja ili ijulikane kwamba dawa ilikuwapo na ilikuwa ikifanya kazi.

Kisha nikashika mimba ya pili, na nikajifungua mwanzo wa masika.

Mwanamke aliyezaa kwetu hatoki mpaka arobaini. Anakandwa maji ya moto, ananyweshwa uji wa pilipili manga, anafungwa tumbo, analala na mtoto wake nyuma ya pazia. Hilo sikulilalamikia. Nililolilalamikia ni mvua. Masika ile haikupumzika. Kuta za nyumba zilitokwa na maji kama zina homa, chumvi iliyeyuka ndani ya kibuyu, na nepi za mtoto hazikukauka. Nje hazianikwi hata jua likitoka, maana nguo za mtoto mchanga kwetu haziachwi chini ya anga kabla arobaini haijatimia. Ndani zilining'inia siku tatu zikanuka uvundo. Jikoni zilinuka moshi, na mtoto akapiga chafya. Akatokwa na vidonda mapajani, vyekundu, vibichi. Nikimfunga nepi yenye unyevu analia mpaka anabadilika rangi.

"Nipe," mama akasema asubuhi moja, akazikunja zote zilizo mbichi kwenye beseni, akajitanda, akatoka.

Alirudi kabla ya adhuhuri. Nepi zilikuwa kavu. Zilikuwa vuguvugu, laini, kana kwamba zimetoka juani. Nikamfunga mtoto akalala saa tatu mfululizo kwa mara ya kwanza tangu azaliwe.

"Umezikausha wapi, mama?"

"Kwa watu," akasema. "Wewe lala."

Siku ya pili akapeleka tena. Siku ya tatu nilizipokea, nikaziweka puani kama anavyofanya kila mama, na chini ya harufu ya sabuni nikanusa mafuta ya mashine. Mafuta na dawa ya kusafishia vidonda.

Nilijua pale pale. Hakuna mahali pengine Bagamoyo penye harufu hizo mbili pamoja. Mgongo wa sanduku ulikuwa mahali pekee pakavu na pa moto mjini kote, na mama yangu alikuwa ameutandika nepi.

Watu wote wanaonijua watakwambia mimi sinyamazi. Nimemwambia shemeji yangu mbele ya wageni kwamba wali wake mbichi. Nimemwambia mkuu wa shule kwamba anakosea hesabu. Siku ile nilinyamaza. Nilimtazama mtoto amelala, mapaja yake yanaanza kupona, nikajiambia ni siku chache tu, mvua itakata, na mashine imara, imetengenezwa Ulaya. Nikazikunja nepi nikaziweka chini ya mto zisipoteze joto.

Bwana Dresa naye alikuwa akiona. Nimemkasirikia sana mtu yule. Alikuwa na tangazo langu la wino mwekundu mbele ya macho, analisoma vizuri kabisa, na kila asubuhi anamtazama mwalimu wake anatandika nguo juu ya mapezi. Baadaye nilimuuliza kwa nini hakusema. Akasema, "Bibie, ningemwambiaje? Yule ndiye aliyenifundisha kusema bismillahi." Hilo ndilo jibu lake lote. Na kwa kuona mwalimu ametandika, wanawake wengine wawili watatu wenye watoto wachanga wakaleta zao. Mgongo mzima ukafunikwa kama kamba ya kuanikia.

Siku ya saba mvumo ukabadilika, kisha ukakoma. Fundi wa kinu akaitwa, akaondoa manguo, akakipasua kile chungu cheusi kwa tindo. Waya wote ulikuwa umeungua, umekuwa mkaa, unanuka. Nasikia alitoka uchochoroni akiwa hana mzaha tena. Akasema, "Limekosa pumzi. Yule mwanamke alisema." Maneno hayo yalinifikia nyuma ya pazia na sikuyafurahia.

Vile vichupa vya dawa vilikaa siku mbili katika joto. Bwana Dresa alipoviinua kwenye mwanga akaona utando ndani, akavimwaga. Alifanya sawa. Akapeleka habari Dar es Salaam walete nyingine.

Siku ya nne tangu sanduku kuzimika, binti yangu alikuwa anacheza nyuma ya nyumba karibu na zizi la mbuzi. Mvua ilikuwa imechimbua kipande cha bati la kutu kutoka ardhini. Alikikanyaga. Alikuja kwangu anachechemea, hata halii sana, ananionyesha wayo wake kama alivyokuwa akimwonyesha bibi yake barafu.

"Mama, mguu umefungua mdomo."

Bwana Dresa akaja, akaosha, akakamua, akamwaga dawa, akafunga. Nilikuwa nimekaa kitandani na mtoto mchanga kifuani.

"Mpige sindano," nikasema.

Akakaza fundo la kitambaa.

"Mpige ile sindano ya yule mtu wa Makurunge."

"Haipo, bibie. Nimekwisha iagiza. Siku mbili tatu itakuwa hapa."

Siku mbili tatu! Mto Mpiji ulikuwa umeimeza barabara. Malori yalikaa ng'ambo ya pili yamezama magurudumu. Siku ya tatu nilitoka. Nilitoka ndani ya arobaini yangu, tumbo limefungwa, mvua inanipiga, nikaenda mpaka bomani, nikawauliza makarani pale kwa nini dawa isiletwe na motaboti. Mmoja akaniambia motaboti inatengenezwa. Mwingine akaniambia mama, wewe mzazi, utapata baridi. Nikamwambia baridi ndiyo ninayoitafuta. Walinitazama kama kichaa. Wanawake wa mtaani bado wanasema hadi leo kwamba ni kule kutoka kwangu kulikomletea mtoto maradhi. Waseme.

Niliporudi nimelowa, Bwana Dresa alikuwapo amekuja kubadilisha kitambaa. Kidonda kilikuwa kimefunga vizuri, safi, hata mama akashukuru. Mama alipotoka kwenda kuteka maji, yeye akatia mkono mfukoni, akaweka kitu juu ya mkeka mbele yangu, taratibu, bila kunitazama. Pini ya nepi. Ilikuwa na kichwa cha buluu kilichomeguka pembeni. Mume wangu alizileta mbili kutoka Dar es Salaam wakati binti yetu alipozaliwa, na hii ndiyo iliyokuwa imepotea wiki ile.

"Fundi aliikuta kati ya mapezi," akasema. "Sikumwonyesha mtu."

Nikaifunga kwenye pindo la kanga.

Siku tano nilimwangalia mtoto anacheza. Alikuwa mzima! Alikuwa anaruka kwa mguu mmoja, anamfundisha mdogo wake asiyeona mbali majina ya vyombo. Siku ya nane tangu ajikate nilimpa andazi asubuhi, akalishika, akaligusisha midomoni, akalirudisha.

"Halitaki kuingia," akasema. Alisema kwa meno yaliyofungana. "Mama, mdomo umekataa."

Siandiki yaliyofuata yote. Aliyewahi kuona pepopunda anajua, na asiyeiona nisimpe. Nitasema tu kwamba sauti yoyote ilimuumiza. Kijiko kikianguka, mgongo wake ulijikunja kama upinde. Mama akafunga chuo, akakaa mlangoni kuwazuia watu wasipige hodi. Nyumba iliyokuwa ikisoma kwa sauti miaka ishirini ikawa kimya, na kila tulipotaka kusema neno tulitazamana tu.

Dawa ilifika siku ya tisa, mchana. Mtu mmoja alivuka nayo Mpiji kwa miguu, maji kifuani, ameiweka kichwani ndani ya chupa ya chai ya kuhifadhi moto, iliyojazwa barafu. Bwana Dresa akampiga sindano. Aliponyanyuka nikamwona mama amemimina barafu iliyobaki kikombeni. Alichagua kipande, akakaa kichwani kwa mjukuu wake, akampitishia midomoni, kwenda na kurudi. Mtoto hakuweza kufungua kinywa. Lakini macho yake yalimfuata bibi yake, na nadhani alijua ni nini.

"Hiki hakikukimbia," mama akamnong'oneza. "Umeona? Kimefika."

Alikufa kesho yake baada ya alasiri.

Bwana Dresa amenieleza zaidi ya mara moja kwamba hakuna ajuaye. Huenda hata angepigwa siku ile ile angekufa. Huenda. Ananiambia hivyo kwa wema, nami nimemwomba aache.

Mume wangu alifika kutoka Saadani siku ya pili ya msiba, viatu mkononi. Nilimwambia imeungua mashine. Hakuuliza mashine iliunguaje, maana ni mwanamume mwema na alikuwa analia. Katika nyumba moja tukawa na arobaini mbili, ya mtoto aliyezaliwa na ya mtoto aliyekufa, zimepishana wiki nne. Wanawake waliokuja kunyoa nywele za mmoja walikuta mkeka wa khitma ya mwenziwe haujakunjwa. Mama hakuulizwa na mtu, na fundi hakusema. Nguo zilikuwa za wengi, na masika ilikuwa ya wote. Mama mwenyewe alikuwa hajui. Aliamini kama mji mzima ulivyoamini, kwamba sanduku lilikufa kwa ubovu wa Wazungu. Aliporudi kusomesha, sauti yake ilikuwa imeshuka, lakini aliweza kula.

Nilikuwa namtazama anakula, na pini iko kwenye pindo la kanga yangu.

Sanduku jipya lilikuja kabla ya vuli. Lilikuwa la namna ile ile, kompresa ya sumaku, mapezi ya bati. Safari hii fundi mwenyewe alilipimia shubiri mbili, kisha akaongeza ya tatu. Bwana Dresa akaja na karatasi yake na wino wake mwekundu, akasimama mlangoni.

"Niandikie tena, bibie."

"La kwanza liko wapi?"

"Lipo. Bado liko ukutani."

Nilikwenda kulitazama. Lilikuwa safi, wino haujafifia, mwandiko mzuri mno. Nikasimama mbele yake, na ndipo nikaona jambo ambalo mtoto wa chuo angeliona. Wanawake waliokuwa wakileta nguo pale, mama yangu akiwa wa kwanza, wote wanasoma. Wanasoma Kurani, wanaandikiana barua, wanaandika mapishi na mikataba ya ndoa. Wanasoma herufi za Kiarabu. Zile za shule kwao ni kama nyayo za kuku. Mwanamke msomi kuliko wote mjini alikuwa ametundika nepi mbele ya maneno USITUNDIKE NGUO, yaliyoandikwa na binti yake mwenyewe kwa Kiswahili chake mwenyewe, na hayakumwambia kitu. Na mimi niliyesomeshwa herufi za aina zote mbili, aina moja barazani kwake, sikukumbuka kwamba yupo.

Nikarudi na karatasi nyumbani. Ilikaa siku nne juu ya kabati. Nikiandika kwa herufi za Kiarabu, sanduku litapona na mtoto wa mtu atapata sindano yake. Na mama atasoma. Atasimama pale na beseni au bila beseni, atasoma kwamba nguo mgongoni huunguza mashine, naye si mtu wa kuhitaji kuelezwa mara mbili. Nilitaka mtu mwingine aandike, lawama iwe yake. Nilitaka Bwana Dresa aandike, akasema mwandiko wake mbaya. Kweli ni mbaya.

Siku ya tano niliandika. Mkono wangu wa Kiarabu ni wa kitoto, herufi zinayumba. Niliandika polepole kutoka kulia, maneno yale yale, nikayabandika chini ya yale ya kwanza.

Wiki iliyofuata mtoto alikuwa na kikohozi na mama akampeleka zahanati. Alikawia. Aliporudi akanipa mtoto, akasema amepewa dawa ya kunywa, kijiko mara tatu. Kisha akaenda kutawadha. 

Vuli ikaanza. Nepi zikarundikana tena, mbichi, kwenye beseni. Asubuhi moja nikasikia mkaa unapasuka, nikatoka ukumbini, nikamkuta mama amekaa chini kwenye mkeka na pasi ya mkaa, ile nzito ya marehemu baba. Ananyoosha nepi moja moja mpaka mvuke unakwisha. Jasho lilikuwa linamtiririka kidevuni. Nikakaa mbele yake.

"Lile la kwanza," akasema bila kuinua macho, "kwa nini hukuliandika kwa herufi hizi?"

"Sikufikiri, mama."

Akapitisha pasi. Akaigeuza nguo, akapitisha tena.

"Nami sikuuliza limeandikwa nini," akasema.

Nikaona hapa mtu anaweza kunyamaza asiulizwe zaidi. Nikafungua pindo la kanga, nikaiweka ile pini juu ya mkeka kati yetu.

"Nilinusa mafuta, mama. Siku ya tatu. Nilijua zinatoka wapi, nikazipokea."

Aliitazama pini muda mrefu. Pasi ilikuwa imesimama juu ya nguo na harufu ya kuungua ikaanza kutoka, nikanyoosha mkono kuinyanyua, naye akaiondoa mwenyewe. Pamebaki alama ya hudhurungi kwenye nepi ile, ninayo mpaka sasa. Akaiokota pini, akaigusa pale kichwa kilipomeguka, kwa kidole gumba.

"Niliitafuta sana hii," akasema.

Akaichomeka kifuani kwenye gauni lake. Akapuliza makaa, akafuta kidevu kwa kiganja.

"Lete nyingine."

Nikampa nyingine.